Si Hali Yake, Ni Kizingiti Chetu

Twaijua sote habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umesongwa na umati. Hawakumrudisha kwake angoje mpaka nyumba ipate nafasi. Walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha mbele ya Bwana. Naye Bwana hakuwakemea kwa sababu ya dari. Aliitazama imani yao.

Habari hiyo yatuhusu tunapowafikiria ndugu zetu wenye ulemavu mkubwa, wasioweza kujigeuza, kujilisha wala kwenda chooni pasipo msaada. Tuchukue mfano wa Maneromango, wilayani Kisarawe. Mara nyingi katika vijiji vyetu kizingiti kimeinuka, mlango ni mwembamba, choo ki nyuma ya nyumba, na mchanga wa njiani humeza magurudumu ya kiti. Basi ndugu yetu hulazwa chumba cha ndani. Hulishwa na kuogeshwa, wala hapigwi. Lakini wageni wakija barazani, yeye huzisikia sauti zao tu. Nasi twasema, hali yake haimruhusu. Je, ni hali yake, au ni kizingiti chetu?

Makao ya kutunzia watu nayo yaweza kukosea vivyo hivyo, yakimpokea anayejiweza na kumkataa anayehitaji mikono ya mwenzake kila saa. Mwaka 1827, huko Torino, Italia, mama mmoja mjamzito aliyekuwa mgonjwa alikataliwa na hospitali, akafa. Padre Yosefu Benedikto Cottolengo alikuwapo kufani. Mwaka uliofuata alifungua nyumba kwa ajili ya waliokataliwa kwingine. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Tena, kupokea si kutoa kitanda na uji tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, wakiri kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao. Basi, awe nyumbani au katika makao, yatupasa kumwuliza: nani amwogeshe, ale saa ngapi, alale lini. Anayelishwa pasipo kuulizwa ametunzwa kama mzigo, si kama mtu.

Kazi yenyewe si ya kutisha. Mlango upanuliwe ufikie walau sentimita 80. Kizingiti cha sentimita 10 kiwekewe mteremko wenye urefu wa sentimita 120. Kiti imara kitobolewe tundu, kiwe choo chake. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kitandani.

Lakini ni nani awezaye kuamka kila saa mbili, mwaka hata mwaka, peke yake? Mara nyingi kazi hiyo yote ameachiwa mama mmoja. Wenye kumbeba yule wa Kapernaumu walikuwa wanne, si mmoja. Basi jumuiya zetu ndogondogo zipange zamu, pamoja na majirani Waislamu na Walutheri, maana ujirani hauulizi dini. Na wanaume wasiwaachie wanawake peke yao.

Wazazi wapendwa, Jumapili hii mkitoka kanisani, upimeni mlango wenu na wa jirani. Ukiwa mwembamba, fundi na aitwe.