Sindano ya al-Khawwas na Barabara ya Bwera

Kila likizo inapokaribia, gumzo la safari ya baiskeli huanza upya mabwenini. Safari yenyewe ni kutoka Fort Portal hadi Kasese, kisha Bwera, mpakani na Kongo. Ni kilomita zipatazo mia na thelathini, na kulala njiani. Gumzo hilo hutugawa makundi mawili. La kwanza limeshaandika orodha: baiskeli yenye gia nyingi, breki za mafuta, mifuko isiyopitisha maji, hema jepesi. Kwao, kwenda bila hivyo ni kujitia katika maangamizi. La pili linasema, panda ulicho nacho, Mungu ndiye Mlinzi. Mwenzetu asiye na pesa husikiliza pande zote mbili, kisha hubaki nyumbani au huondoka na baiskeli isiyo na breki. Kwa hiyo ndugu zangu, suala hili si la wapenda michezo peke yao.

Pande zote mbili hutoa hadithi ileile ya ngamia, aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas (R.A.): mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge mnyama wake na kutawakali au amwachilie na kutawakali, akaambiwa amfunge kisha atawakali. Hadithi hii tumeizoea mno hata hatuoni kwamba haikutaja bei ya kamba. Swali gumu linaanzia hapo: tumekubali kufunga, je, kipi ni kufunga kweli?

Imam al-Ghazali, katika kitabu cha tawhidi na tawakkul ndani ya Ihya, anazigawa sababu mafungu matatu. Zipo za yakini, kama mwenye njaa kunyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake. Kuziacha hizo si tawakkul bali ni wazimu. Zipo za dhana yenye nguvu, kama msafiri wa jangwani kubeba masurufu. Na zipo za kuwazika tu, na anayeng'ang'ania hizo ndiye anayetoka katika tawakkul. Katika kueleza fungu la pili anamtaja Ibrahim al-Khawwas, mcha Mungu aliyekuwa akiingia jangwani bila chakula, lakini habanduki na sindano, mkasi, kamba na chombo cha kutekea maji. Chakula huenda akakipata kwa mpita njia au akala majani. Lakini maji ya kisima hayapandi juu yenyewe, na nguo moja ikichanika, uchi ukaonekana, jangwa halina duka la sindano.

Mimi naona huyu bwana alitatua mjadala wetu karne nyingi kabla ya baiskeli. Alibeba kile ambacho njia yake haikuweza kumpa. Vitu vyenyewe vilikuwa rahisi, na alijua kuvitumia.

Sasa tuitazame njia yetu. Kutoka Kasese kuelekea kusini unafika Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, unakata kulia, unapita Kinyamaseke na Kisinga mpaka Bwera. (Kasese hadi Bwera peke yake haifiki masafa ya kupunguza swala kwa madhehebu yetu ya Shafi, aliyetoka Fort Portal ndiye mwenye ruhusa hiyo.) Njia hii inatoa chakula, ndizi hasa. Inatoa pia mafundi wa baiskeli, kwa sababu baiskeli za chuma ndizo zinazobeba matoke, madumu na magunia huku. Spoki, tyubu, cheni ya kawaida, mtu wa kuchomelea fremu iliyokatika: hivyo utavipata. Mafuta ya breki na vipuri vya gia za kisasa usivitegemee. Baiskeli inayosifiwa Ulaya kuwa ya kuaminika inaaminika pale kwa kuwa duka lake liko karibu. Ifikishe Kisinga ikiwa imeharibika, na ile ya mbeba ndizi itaipita.

Visivyopatikana ni maji na msaada katika vipande vinavyopita ndani ya Mbuga ya Queen Elizabeth, ambako jua ni kali na hakuna kijiji. Basi sindano yetu ni pampu, viraka na gundi yake, tyubu ya akiba, spana inayoingia kwenye nati zako, na maji ya kutosha. Anayenunua kifaa cha mamilioni asichojua hata kukifungua amenunua utulivu wa moyo tu. Sisemi ni shirki. Nasema ni jirani wa hirizi.

Lakini kundi la pili lisishangilie. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, na wakifika Makka wanaombaomba. Ndipo ikashuka amri ya kuchukua masurufu, iliyomo katika Suratul Baqara. Tawakkul yao ililipwa na mifuko ya wengine. Fort Portal iko juu kuliko Kasese, kwa hiyo njia ina miteremko. Asiye na breki, anayezuia gurudumu kwa soli ya kiatu, anaweza kudai kwamba nafsi ni yake (nayo si yake). Yule mama mwenye beseni la nyanya kando ya barabara hakutawakali pamoja naye. Breki ziko katika fungu la yakini.

Njia nayo ni sababu, na hapo naona tunazembea zaidi, kwa kuwa kuuliza hakuna bei. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulifurika ukaleta maafa Kilembe na Kasese; ramani ya simu haikuambii mvua imefanya nini wiki hii. Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe ilishambuliwa na wanafunzi wakauawa, na Oktoba mwaka uleule watalii wawili na kiongozi wao Mganda waliuawa ndani ya mbuga. Sizitaji habari hizi ili kuwatisha watu. Wenyeji wanaishi huko na soko la Bwera linajaa. Ila wenyeji wanajua ni barabara ipi inapitika na saa ngapi. Waulize boda boda wa Kikorongo, waulize askari wa mbuga, na wakikuambia rudi, rudi. Ukikwama usiku, hao ndio watakaoingia gizani kukutafuta.

Aliyelala Kasese aondoke baada ya Alfajiri, avuke mbuga kabla jua halijawa kali. Aliyechelewa mpaka Alasiri ikaadhiniwa alale tena hapo hapo, kwani jioni tembo huvuka barabara, na hawana haraka.