TUNAGAWANA MKATE. JE, TUGAWANE NA VIDONGE?

 

Miezi hii yamefika mbele ya wazee wa kanisa maswali mawili. La kwanza limetoka kwa wazazi waliopata safari ya Marekani. Shule imewaambia kwamba mtoto hatulii darasani, daktari ameandika vidonge, na baadhi ya waumini wenzao wanasema kidonge kinachogusa akili ni mlango wa shetani. Je, wampe au wasimpe? La pili limetoka kwa vijana wetu wa Senior 4 na Senior 6. Wamesikia kwamba vidonge hivyo hivyo humfanya mtu asome usiku kucha bila kusinzia, na kuna ndugu kule anayeweza kuvituma. Wanatuuliza: ubaya uko wapi? Si ninyi wachungaji mliotufundisha kugawana?

Tumeona vema kuyajibu pamoja, kwa sababu ni kidonge kimoja, na kosa la upande mmoja huzaa kosa la upande wa pili.

1. Vidonge hivi ni nini?

Ni dawa za kuchangamsha ubongo. Zinazojulikana zaidi ni methilifenideti, inayouzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta, na amfetamini, iliyomo katika Adderall. Huongeza kazi ya dopamini na noradrenalini, yaani kemikali ambazo ubongo huzitumia kushika jambo moja na kuliacha lingine.

Si dawa za jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Marekani aliandika kwamba watoto wenye matatizo ya tabia aliowapa amfetamini walitulia na kushika masomo. Methilifenideti ilitengenezwa Uswisi mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon, na jina Ritalin lilitoka kwa mke wake aliyeitwa Rita.

Lakini dawa za jamii hii zina historia nyingine, na sisi tuliokimbia vita inatupasa kuisikia. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Ujerumani walipewa vidonge vya Pervitin, na wale wa Uingereza na Marekani walipewa Benzedrine, ili waendelee kupigana pasipo kulala. Baada ya vita mwaka 1945, dawa za namna hiyo zilienea kwa raia wa Japani na kuwatia wengi katika uraibu, hata serikali yao ikatunga sheria ya kuzizuia mwaka 1951. Mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa uliziweka amfetamini na methilifenideti kati ya dawa zinazodhibitiwa vikali. Hata mairungi (miraa), ambayo wengi tunaijua, ina katinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini.

Basi kitu kile kile kimemsaidia mtoto kukaa kwenye dawati, na kimemtembeza askari hadi akaanguka. Tofauti imetoka wapi? Hilo ndilo swali letu.

2. Kwa mzazi: kumpa mtoto dawa si kumkana Mungu

Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya hakuishia kwenye maombi. Aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu. Mtoto asiyeona ubaoni tunamtafutia miwani, wala hatusemi miwani inaiondoa imani yake. Ubongo nao ni kiungo cha mwili, kama jicho na kama tumbo. Anayemwita mtoto huyo mwenye pepo, au mvivu, au mlaaniwa, anamtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha.

Hali hii ya kushindwa kutulia na kushika jambo kwa kitaalamu inaitwa ADHD. Marekani, kwa hesabu ya mwaka 2022, watoto wapatao milioni 7 wa miaka 3 hadi 17 waliwahi kuambiwa wanayo. Si jambo la aibu wala si la familia za wakimbizi peke yake.

Hata hivyo, mzazi, usipokee kidonge kwa kunyamaza. Daktari mwema hapimi kwa siku moja. Anatafuta kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, wazazi hufundishwa kwanza namna ya kumwongoza kabla ya dawa kufikiriwa.

Tena kuna jambo ambalo daktari wa kule hawezi kulijua usipomwambia. Watoto wetu wameona mambo. Mtoto aliyesikia risasi usiku hushtuka, hakai, hasikii mwalimu, halali. Mtoto asiyeelewa Kiingereza huangalia dirishani. Mtoto asiyesikia vizuri, au mwenye upungufu wa damu, naye huonekana hayupo darasani. Hali hizi zaweza kufanana na ADHD, au kuwa pamoja nayo, lakini tiba yake si moja. Kwa hiyo simulia safari yote: mlikotoka, mliyoyaona, jinsi mtoto anavyolala. Omba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri ugonjwa wake.

Akianza dawa, shikeni haya:
- Apewe kiasi kilichoandikwa, saa iliyoandikwa. Akipewa jioni aweza kukosa usingizi.
- Vidonge vya kufanya kazi taratibu mchana kutwa havipondwi wala kutafunwa.
- Daktari ajue kama kuna ugonjwa wa moyo kwa mtoto au katika ukoo, na dawa nyingine zote anazotumia, hata za miti shamba.
- Apimwe mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzito na urefu, kwa maana dawa hizi hupunguza hamu ya kula na zaweza kupunguza kasi ya kukua.
- Akipata maumivu ya kifua, akizimia, au akianza kuona au kusikia yasiyokuwapo, apelekwe hospitali mara moja.
- Mzazi ndiye avitunze na kuvihesabu, mahali panapofungwa.

3. Kwa mwanafunzi: hayo ni mavazi ya Sauli

Vijana wetu, hatuwadharau. Tunajua mnasoma darasa lenye wanafunzi wengi, mnachota maji, mnapika, kisha ndipo mnafungua daftari. Tunajua kwamba mtihani kwenu ni mlango pekee mnaouona. Ndiyo maana tunataka kuwaambia kweli.

Kidonge hiki hakimwongezei mtu maarifa. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitangaza jaribio walilofanya kwa watu 40 wasio na ADHD. Waliwapa mafumbo magumu ya hesabu, mara wakiwa wamemeza dawa za namna hii, mara wakiwa wamemeza kidonge kisicho na dawa. Wakiwa na dawa walijitahidi zaidi na kutumia muda mrefu zaidi, lakini ubora wa kazi yao ulishuka. Walikuwa na bidii nyingi na busara kidogo. Ni kama mtu anayelima kwa kasi shamba lisilo lake.

Kidonge pia hakileti nguvu kutoka mbali. Kinauficha uchovu, nao unabaki mwilini ukingoja. Mwili unakopeshwa usiku, na deni linadaiwa mchana: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, hasira, huzuni nzito dawa inapoisha. Wengine hurudia ili kuikimbia huzuni hiyo, na hapo mnyororo huanza. Tena anayenunua mtaani hajui anachomeza. Marekani vimekamatwa vidonge bandia vinavyofanana kabisa na Adderall, ndani mna methamfetamini au fentanili, na fentanili huua kwa kiasi kidogo sana.

Daudi alipokwenda kumkabili Goliathi, Sauli alimvika mavazi yake ya vita. Hayakuwa mavazi mabaya. Yalimfaa Sauli. Daudi alijaribu kutembea nayo akaona hayamfai, akayavua (1 Samweli 17:38-39). Dawa iliyopimwa kwa mwili wa ndugu yako ni mavazi ya Sauli.

4. Lakini je, si upendo kugawana?

Hapa ndipo penye uzito, nasi hatutaki kuparuka. Kugawana ndiko kulikotufikisha hapa tukiwa hai. Njiani tuligawana muhogo, blanketi, na hata jina la mtu wa kumtafuta mpakani. Aliyeficha chakula tulimhesabu kuwa mchoyo. Na hata leo, foleni ya zahanati ikiwa ndefu, jirani humpa jirani kidonge cha homa. Ndugu wa Marekani akiombwa vidonge na akikataa, huonekana amebadilika, amesahau alikotoka.

Na wako wanaosema kwa uchungu: mtoto wa kule anapimwa na kupewa dawa, wa kwetu mwenye shida ile ile hana daktari wa kumpima. Je, hiyo ni haki? Tunakubali, si haki. Lakini udhalimu wa dunia haubadilishi jinsi moyo unavyopiga ndani ya kifua cha kijana wako. Kumpa dawa asiyopimwa hakuondoi udhalimu; kunamwongezea hatari.

Katika Mathayo 25 Bwana alisimulia juu ya wanawali kumi. Watano walipoomba mafuta, wenye busara walikataa kuwagawia. Mfano huo unatusumbua sisi watu wa kugawana! Bwana hakuwaita wachoyo. Shabaha ya mfano ni kukesha, lakini ndani yake tunaona kwamba viko vitu ambavyo vikihamishwa vinawapotezea wote wawili.

Dawa ni mojawapo. Kidonge kimoja kikitoka kwenye chupa ya mgonjwa, mgonjwa anakosa dozi yake na mpokeaji anapata isiyo yake. Mwezi wa 5 mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maonyo ya dawa zote za kundi hili yaeleze wazi hatari ya kuzitumia vibaya na kuzigawa: uraibu, kuzidisha kipimo, na kifo. Ikasema pia kwamba wengi wanaozitumia vibaya huzipata kwa jamaa na marafiki. Sikieni, wapendwa: mara nyingi si mwizi anayeleta madhara haya, bali ndugu mwenye huruma.

Na ndugu huyo naye yumo hatarini. Kumpa mwingine dawa hizi, au kuzituma kwa siri nje ya nchi, ni kosa la sheria. Asiye raia wa Marekani akihukumiwa kwa kosa la dawa zinazodhibitiwa aweza kuondolewa nchini. Je, tumwombe ndugu yetu ahatarishe makao aliyoyangoja miaka mingi kwa ajili ya mkesha wa usiku mmoja?

Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Angalieni: ushauri una mtu mmoja, una ugonjwa unaojulikana, una kipimo, na umetoka kwa anayemjua mgonjwa. Hakuna kanisa lililosoma barua ile likaamua washirika wote wanywe kwa sababu ya tumbo la Timotheo! Basi tofauti tuliyokuwa tukiitafuta ni hiyo. Tusiseme kwamba kidonge ni kitakatifu au ni najisi. Tuulize kama aliyekitoa anamjua anayekimeza, na kama atakuwapo kesho kuona kilichompata. Kutoa bila kumjua unayempa si ukarimu.

5. Tugawane nini basi?

Eliya alipochoka akatamani kufa, malaika hakumpa cha kumkesheza. Alimwacha alale, akamwamsha ale, akamwacha alale tena, ndipo safari ndefu ikaanza (1 Wafalme 19). Wazee wa kanisa wamekubaliana haya kwa majuma yaliyo kabla ya mitihani:

Kwanza, kila nyumba yenye mtahiniwa imwondolee foleni ya maji na kuni, hasa mabinti. Wamama na vijana wa kwaya watasaidia nyumba zisizo na watu wa kutosha.

Pili, kanisa litabaki wazi jioni na taa za jua zitawaka hadi saa tatu usiku. Baada ya hapo kila mtu akalale, maana usingizi ndio unaosaidia ubongo kuyahifadhi yaliyosomwa.

Tatu, ndugu walio ng'ambo, mnaotaka kusaidia, tumeni kitabu, taa au karo. Mkiombwa vidonge, kataeni kwa upendo, na kanisa litasimama nanyi mbele ya jamaa. Wala msitupe dawa ya mtoto wenu kwa sababu ya maneno ya waumini. Waulizeni madaktari kwanza.

Nne, kijana ambaye tayari anatumia vidonge hivi, au mairungi, asijifiche. Aje kwetu tumsindikize kituo cha afya. Hatutamtaja jina madhabahuni.

Tusipogawana vidonge, basi tugawane mzigo wa maji, mwanga wa taa na saa za usingizi. Hivyo havihitaji cheti cha daktari.

Bwana awabariki na kuwalinda, watahiniwa wetu na watoto wetu wa mbali. Amina.