Hati ya Dhahiri na Hati ya Batini

Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, iliyo ndefu kupita aya zote za Kurani, yaamrisha deni la muda liandikwe. Na haikukomea hapo, bali yataka maneno ya hati yatoke kinywani mwa mwenye kudaiwa, karani aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Nimeitafakari aya hii kwa ajili ya jambo ambalo mafundi wa kompyuta hulihesabu kuwa la ufundi mtupu, nami naliona kuwa la haki: hesabu za watu zihifadhiwe kwa maandishi yasomekayo na jicho, au kwa bainari isomwayo na mashine peke yake?

Na tulitazame hapa Kigombe, dikoni, pale ngalawa zirejeapo na samaki wakapimwa kabla ya mnada. Mzani ukionyesha kilo 7 za changu, karani mwenye simu aweza kuandika "changu, 7", na mvuvi aliyeishia darasa la nne ataisoma khati hiyo na kusema ndiyo au siyo. Au programu yaweza kuitia ile 7 katika baiti nne, tatu za sifuri na ya mwisho ya saba. Na mashine nyingine, iliyozoea kuanzia mkiani, ikizisoma baiti zizo hizo bila kuambiwa mpangilio wake, itaona 117,440,512. Hakuna aliyesema uongo, wala baiti iliyopotea, walakini ushahidi umeharibika, na mwenye samaki hakuwa na njia ya kuujua uharibifu huo.

Wenye kuitetea bainari wana hoja ambazo insafu hairuhusu kuzipuuza. Namba 4,294,967,295 hutaka baiti kumi ikiandikwa kwa tarakimu, ilhali bainari huienea kwa nne. Na mahali ambapo bando hununuliwa kidogo kidogo, tofauti hiyo ni fedha. Fauka ya hayo, maandishi nayo si maasumu: karani akiandika "saa 3", mvuvi hufahamu kuwa jua limepanda, na mashine iliyoundwa ng'ambo hufahamu kuwa alfajiri haijaadhiniwa. Tena ndani ya kompyuta herufi yenyewe ni namba. A ni 65, kwa mapatano yaliyochapishwa Marekani mwaka 1963, na kinachoyafadhilisha maandishi ni kwamba ufunguo wake umekwisha kuenea duniani.

Aya ile yasema kwamba mwenye kudaiwa akiwa dhaifu au hawezi kutamka, basi walii wake atamke kwa uadilifu. Bainari, basi, si batili kwa dhati yake, ila yahitaji walii, naye ni maelezo ya mpangilio wa baiti, yaliyotangazwa kwa wote. Katika Protocol Buffers, mtindo wa bainari ambao Google iliutoa hadharani mwaka 2008, majina ya vitu hayamo ndani ya baiti. Hukaa katika faili la pembeni, na faili hilo likipotea, kilo na bei hubaki tarakimu yatima.

Pwani hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, na hesabu za samaki ndizo hujja ya kumwambia mtu asivue mwambani. Hesabu hizo nazitaka kwa maandishi, hata zikiwa nzito maradufu, nazo zibandikwe dikoni, apate kuzikanusha yule zinayemhusu.