Sinema Mbovu na Dhamiri Safi

Leo twaanza kwa kuungama jambo dogo. Tulipokuwa seminari kuu, jioni ya sikukuu moja tulionyeshwa sinema katika chumba cha kulia chakula, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Ilikuwa "The Sound of Music", ile ya mpostulanti Maria na watoto saba wa Kapteni von Trapp. Tuliifurahia mno, na tusifiche, mara mbili tulifuta machozi gizani. Kesho yake wakati wa chai mwenzetu mmoja, msomaji hodari wa vitabu, alisema kwamba sinema ile ni sukari tupu, na kwamba wahakiki wenye akili waliikataa tangu ilipotoka. Meza nzima ikacheka. Nasi tukacheka, tena tukaongeza la kwetu la kuidharau. Jogoo hakuwika, maana chakula cha sikukuu kilikuwa kimekwisha mmaliza.

Tangu siku hiyo tumejiuliza: kosa letu lilikuwa wapi? Katika kuipenda sinema ile, au katika kuikana?

Siku hizi watu wana msemo juu ya mambo ya namna hii. Mtu husema, "Hiyo ndiyo starehe yangu yenye hatia," akiwa na maana ya sinema iliyopondwa na wajuzi, ambayo yeye mwenyewe aijua kuwa dhaifu, lakini kila ikionyeshwa haondoki kitini. Msemo wenyewe ni wa mzaha. Lakini hatia ni neno zito, na neno zito likizoeshwa mambo mepesi hupoteza makali yake siku linapohitajika.

Mwenzetu alisema kweli juu ya wahakiki. Sinema hiyo ilipotoka mwezi wa Machi 1965, Bosley Crowther wa gazeti la New York Times hakuridhika nayo, wala Judith Crist wa New York Herald Tribune, na Pauline Kael aliishambulia vikali katika jarida la McCall's. Watu hawakuwasikiliza. Mwaka uliofuata ilipewa tuzo tano za Oscar, mojawapo ikiwa ile ya sinema bora, na kwa mapato iliipita hata "Gone with the Wind" ya mwaka 1939.

Je, wahakiki hao walikosea? Si katika yote. Maria wa kweli, aliyeolewa na Georg von Trapp mwaka 1927, aliitwa katika nyumba ile amfundishe binti mmoja aliyekuwa mgonjwa, si watoto wote. Mwaka 1938 jamaa hiyo iliondoka Austria kwa treni kwenda Italia. Hawakuvuka milima kwa miguu. Na padre aliyewafunza kuimba, Franz Wasner, ameondolewa kabisa katika hadithi, na mahali pake amewekwa bwana mmoja wa kubuniwa, mcheshi, mwenye kutafuta waimbaji wa kuwaonyesha watu. (Jambo hili sisi mapadre tuna haki ya kulinung'unikia kidogo.) Aliyesema kwamba sinema hiyo imelainisha mambo magumu hakusema uongo.

Lakini mhakiki hufanya kazi ya fundi. Seremala akikipima kiti chako atakuambia mbao hazikuungana vema, nawe ukubali, maana ndiyo kazi aijuayo. Hakukuambia kwamba umetenda dhambi kukikalia. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, nayo hupumzishwa kwa mchezo na furaha. Hata amhesabu kuwa na kasoro yule asiyejua mzaha wala hawezi kuvumilia mzaha wa wenziwe. Baba aliyerudi shambani au ofisini, akaketi na wanawe kutazama hadithi ambayo mwisho wake aujua tangu mwanzo, hana deni kwa mtu yeyote.

Hapo mtu atatuambia: basi kila mtu na anachopenda, yamekwisha. Hatusemi hivyo hata kidogo, na hapa twaomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndipo penye uzito.

Mwaka 1915 Mmarekani D. W. Griffith alitoa sinema iitwayo "The Birth of a Nation". Kwa ufundi ilisifiwa sana, na kwa miaka mingi wanafunzi wa sinema wamefundishwa namna alivyozipanga picha zake. Ndani yake watu weusi wameonyeshwa kama wanyama wa kuwinda wanawake wa kizungu, wengine wakiigizwa na wazungu waliopakwa rangi nyeusi usoni. Na kundi la Ku Klux Klan limeonyeshwa kama mashujaa waokozi. Mwaka huohuo Klan ilianzishwa upya, ikaitumia sinema hiyo kujipatia wafuasi. Chama cha NAACP kiliipinga tangu mwanzo, lakini kumbi zilijaa. Ni wangapi walitoka humo wakiona haya? Walikuwa wametazama kazi ya fundi stadi! Laiti baadhi yao wangaliona haya nusu ya ile tuliyoona sisi mezani kwa ajili ya nyimbo za watoto saba.

Kwa hiyo mtu asitoke ukumbini akajiuliza tu kama sinema imetengenezwa vizuri. Ajiulize ilimfanya amfurahie nani, na amchukie nani. Zipo sinema, za ustadi na za ovyo pia, zinazotuzoeza kufurahia mateso ya mtu au aibu ya mwanamke, nasi tukiulizwa twajibu kwa tabasamu, "Aa, ni starehe yangu yenye hatia tu." Msemo huo umekuwa kama kitubio cha bei rahisi.

Liko na jambo jingine, nalo latugusa sisi tuliosoma. Wako watu wanaotafuta sinema mbovu makusudi, wapate kucheka. Iliyo maarufu kuliko zote pengine ni "Plan 9 from Outer Space" ya Ed Wood, iliyopigwa mwaka 1956. Mwigizaji wake mkubwa, Bela Lugosi, alikufa mwezi wa Agosti mwaka huo, akiacha vipande vichache vya picha. Wood akamweka mtu mwingine mrefu kumpita, aliyejifunika uso kwa joho, tuamini kwamba ndiye. Mwaka 1980 ndugu wawili, Harry na Michael Medved, waliitangaza katika kitabu chao kuwa sinema mbaya kuliko zote. Wood hakuyasikia. Alikuwa amekufa mwezi wa Desemba 1978, fukara, ana miaka 54.

Si kila kicheko ni dharau. Katika vibanda vyetu vya video watu huicheka sinema, huijibu, huikosoa kwa sauti, na kesho hurudi kwa mapenzi yaleyale. Hata huyo Wood, mwaka 1994 Tim Burton alitengeneza sinema juu ya maisha yake, ikapata tuzo mbili za Oscar; nayo yamwonyesha kama mtu aliyeipenda kazi yake kwa moyo wote, ingawa mkono haukumtii. Ukiisha kuitazama hiyo, ni vigumu kuicheka ile nyingine kwa kicheko kilekile cha zamani.

Yule mwenzetu wa mezani sasa ni padre mwenye parokia yake. Siku moja tulimtembelea, na alipokwenda jikoni kuagiza chai tuliona kando ya televisheni yake diski chache. Ya juu ilikuwa "The Sound of Music", kasha lake limechakaa kwa kushikwashikwa. Alirudi, akaona tunapotazama. Tukamwambia kwamba jioni ile ya sikukuu tulilia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama twataka sukari.