Fadhila Isiyotajwa Bei

Jioni za kujuana za wajasiriamali wa teknolojia mjini Kigali zina desturi yake. Mlangoni mtu hupewa beji yenye jina lake na jina la kampuni yake, huivaa shingoni, huchukua kikombe cha kahawa, kisha huanza kuzunguka ukumbini. Macho ya anaokutana nao huanzia kifuani, yakasoma beji, ndipo yapande usoni. Mara nyingine hayapandi kabisa, kwa kuwa beji imekwisha kujibu swali ambalo halikuulizwa kwa mdomo: huyu ana nini cha kunipa? Mmoja anatafuta mwekezaji, mwingine mteja wa kwanza, wa tatu fundi wa programu atakayekubali kulipwa kwa hisa badala ya mshahara. Hakuna aliyefuata kahawa, na wote wanalijua hilo, lakini maneno yanayozungumzwa ni ya urafiki: ndugu, familia, jumuiya, tuko pamoja. Hapo linazuka swali la zamani kuliko kompyuta: je, uhusiano unaotafutwa kwa ajili ya faida unaweza kuwa safi? Jibu langu ni kwamba unaweza. Kinachouchafua ni kuificha faida hiyo, ndipo fadhila inapogeuka deni lisilo na kiasi.

Swali hili lina uzito wa pekee Kigali kwa sababu mji huu umekusudia kuwa mji wa teknolojia. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kilikubaliana na serikali kuleta tawi lake hapa. Mwaka 2012 kLab ilifunguliwa katika jengo la Telecom House, Kacyiru, ikawapa vijana wa programu meza, intaneti na washauri bila malipo. Mwaka 2021 taasisi ya Norrsken, iliyoasisiwa na Niklas Adalberth, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Klarna, ilifungua katika viwanja vilivyokuwa vya Shule ya Kibelgiji nyumba yake ya kwanza nje ya Sweden. Kusajili kampuni ni kazi ya saa chache mtandaoni. Majengo, sheria na nyaya huja kwa amri na bajeti. Kuaminiwa hakuji hivyo. Kuaminiwa hupita kwa watu, kutoka kwa anayekujua kwenda kwa asiyekujua, na ndiyo maana vikundi vya kujuana vimekuwa mlango halisi wa biashara hii. Kijana wa Nyamirambo anaweza kuwa na programu inayofanya kazi na hesabu zilizonyooka, asifike popote mpaka mtu fulani amtaje mbele ya mwenye fedha. Vijana wenyewe huliita jambo hilo koneksheni, na hawalisemi kwa utani.

Wapo wanaoona jambo zima ni ovu tangu mzizi. Hoja yao ni nzito na haifai kupuuzwa. Padri Alexis Kagame, katika kazi yake ya mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kinyarwanda, aliweka umuntu, kiumbe mwenye akili, katika kundi lake, na ikintu, kisicho na akili, katika kundi jingine. Atakayemsoma hivyo ataona kwamba kumtazama mtu kwa kusoma beji yake ni kumhamisha kundi. Mkristo naye atakumbusha Injili ya Luka, sura ya 14, ambapo Yesu anamwambia mwenye karamu asiwaite matajiri wanaoweza kumrudishia mwaliko, bali maskini na vilema wasio na cha kumlipa. Ukichukua maneno hayo kama kanuni ya ukumbi mzima wa wawekezaji, basi hakuna mkutano wa aina hii utakaosalimika.

Lakini dini zenyewe hazikuishia hapo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya udugu na usuhuba katika Ihya Ulum al-Din, alipanga mapenzi baina ya watu katika daraja: yupo anayependwa kwa nafsi yake, yupo anayependwa kwa ajili ya manufaa ya dunia, yupo anayependwa kwa manufaa ya akhera, na yupo anayependwa kwa ajili ya Mungu. Uhusiano wa manufaa ya dunia hakuuita dhambi kwa kuwa ni wa manufaa tu. Alikataa uingizwe katika daraja ya mapenzi kwa ajili ya Mungu, na alijali kila uhusiano usimamishwe mahali pake. Aristotle, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, aliutenga urafiki wa manufaa na urafiki wa wema, akaonya kwamba malalamiko na ugomvi huzuka zaidi katika ule wa manufaa, hasa pale mmoja anapotoa kana kwamba anatoa zawadi huku akitarajia kurudishiwa. Hata ile sura ya Luka inasomeka vizuri zaidi kwa njia hiyo. Yesu alisema juu ya karamu, jambo linalobeba jina la ukarimu, hakukataza soko. Ukiita jambo lako karamu, asiye na cha kulipa lazima awe na kiti. Ukiliita soko, taja bei. Kosa ni kutaka sifa za karamu na faida za soko kwa wakati mmoja.

Faida yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa, ikitumia mahojiano na watu wa mji wa Newton, karibu na Boston, waliobadili kazi. Kati ya waliopata kazi kwa kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu waliokuwa wakionana nao mara moja moja au kwa nadra tu. Sababu inaeleweka: rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, ila mtu wa mbali anatoka kwenye duara jingine na habari nyingine. Kwa hiyo kujuana kwa juujuu, kule kunakodharauliwa na watu wa maadili, ndiko kunakofungua milango. Lakini ushahidi huo huo unakata upande wa pili. Ikiwa milango hufunguliwa na watu wa mbali, asiye na njia ya kukutana nao hubaki nje, hata awe na kipaji gani. Mwaka 2017 shirika la Village Capital lilitoa ripoti juu ya kampuni changa za huduma za fedha za kidijitali Afrika Mashariki. Katika mitaji ya 2015 na 2016 iliyochunguzwa, asilimia 90 ilikwenda kwa kampuni zenye angalau mwanzilishi mmoja kutoka Ulaya au Amerika Kaskazini. Sidhani kuna mtu atakayesimama adai kwamba asilimia 90 ya akili za biashara Afrika Mashariki zilitua kwa ndege. Zilizotua ni koneksheni.

Rwanda inaifahamu hali hii kuliko nchi nyingi, kwa sababu iliwahi kuwa na mfumo kamili uliojengwa juu ya fadhila isiyotajwa bei. Katika mfumo huo, ubuhake, mtu aliyeitwa umugaragu alimwendea bwana aliyeitwa shebuja kumwomba ng'ombe. Akikubaliwa, alipata maziwa na matumizi ya ng'ombe huyo, na shebuja akawa mlinzi wake penye kesi na penye shari. Umugaragu naye alidaiwa utumishi: kukarabati ua, kusindikiza safari, kuitika kila akiitwa. Wanahistoria wamebishana sana juu ya jinsi mfumo huo ulivyotofautiana mkoa kwa mkoa na zama kwa zama, na si haki kuuchora wote kwa rangi moja. Ila jambo moja liko wazi: deni halikuwa na kiasi, na deni lisilo na kiasi halilipiki likaisha. Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta mfumo huo mwaka 1954, na ng'ombe wakagawanywa kati ya pande mbili. Malisho hayakugawanywa. Mtu alijikuta na ng'ombe aliye mali yake kwa sheria, lakini majani yakabaki ya yule yule wa jana.

Nadhani hapo ndipo vikundi vya kujuana vinapopaswa kujitazama. Siku hizi ng'ombe hugawiwa kwa wingi: ruzuku, tuzo za mashindano, kompyuta, meza ya bure, mafunzo ya wiki mbili. Malisho ni kutambulishwa kwa wateja na wawekezaji, na hayo hushikwa na watu wachache wanaojuana tangu zamani. Kijana akitambulishwa na mkubwa mmoja katika duara hilo, hakuna anayemwambia anadaiwa nini. Baadaye anaombwa kuja kusema maneno mazuri kwenye hafla ya mkubwa huyo, kisha kumpa sehemu ndogo ya hisa kwa ajili ya ushauri, kisha kutofanya kazi na fulani asiyepatana naye. Kila ombi ni dogo, na kila moja linakuja na tabasamu. Atakataaje, na kwa hoja gani, ikiwa hapajawahi kuwa na mapatano? Mwanaanthropolojia Marcel Mauss alionyesha mwaka 1925 kwamba zawadi katika jamii nyingi huonekana ya hiari huku ikilazimisha kurudishwa. Waswahili hawakumngoja Mauss. Walikwisha kusema mkono mtupu haulambwi.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwamba ninatia chumvi. Umugaragu alifungwa maisha yake yote, ila mjasiriamali yuko huru, na asipopenda duara hili atahamia jingine. Ningekubali kama maduara yangekuwa mengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wasiozidi milioni 1.75 katika Jiji la Kigali, na walio katika biashara ya teknolojia ni tone ndani yao. Washauri wa programu moja ndio waamuzi wa shindano jingine na wageni wa heshima wa mkutano wa tatu. Uhuru wa kuondoka hupimwa kwa wingi wa mahali pa kwenda. Kuna pia kizuizi cha lugha: mikutano mingi huendeshwa kwa Kiingereza, na aliyesoma kwa Kifaransa, au anayefanya biashara yake kwa Kinyarwanda na Kiswahili, huingia akiwa nusu ya mtu. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, lakini kwenye kunadi wazo mbele ya wawekezaji bado hakijapewa kiti.

Dawa ipo karibu zaidi kuliko Stockholm au California. Ni ikimina, ambacho Mtanzania angekiita upatu na Mkenya angekiita chama. Wanachama hukutana kila wiki au kila mwezi, hutoa kiasi kile kile, na kila mmoja ana zamu yake. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, fedha hukaa katika sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Daftari husomwa mbele ya wote. Anayechelewa hulipa faini. Upo pia mfuko wa msiba na ugonjwa, na hapo ndipo udugu unapoingia, kwa mlango wake wenyewe. Angalia vizuri kinachofanyika: watu hawa hawadai kuwa wameungana kwa mapenzi, wameungana kwa faida na wamesema hivyo. Kwa kuwa deni lina kiasi na lina tarehe, mtu akishalipa yuko huru, na anaweza kumtazama mwenzake usoni bila kuuliza anadaiwa nini. Mara nyingi urafiki wa kweli huota baadaye, ukiwa haukuamriwa na mtu. Kanuni ya sanduku haikuuua upendo, iliuondolea mzigo.

Watasema kwamba utambulisho hauwezi kuwekwa kwenye sanduku, kwa kuwa anayemtambulisha mtu anaweka jina lake rehani, na halazimiki kumtambulisha asiyemwamini. Ni kweli, na mwekezaji pia ana haki ya kuchagua. Sitaki kila mtu apewe mtaji kwa zamu. Nataka nafasi ya kusikilizwa itolewe kwa zamu, uamuzi ubaki huru. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya ndiko kunakowafaidi walioshika malisho. Hofu nyingine ina uzito zaidi: Adam Smith aliandika mwaka 1776 kwamba watu wa kazi moja hawakutani mara nyingi bila mazungumzo kuishia katika njama dhidi ya umma, na kikundi chenye kanuni kali na wanachama waaminifu kwa wenzao chaweza kuwa njama bora kuliko kikundi legevu. Sina jibu la kuimaliza hofu hiyo. Ninachokiona ni kwamba njama hupenda giza, na daftari linalosomwa hadharani linaipunguzia kivuli. Kikundi kikiandika nani alitambulishwa kwa nani, na kwa malipo gani kama yapo, mtu wa nje ataona kama majina ni yale yale.

Wanaoandaa mikutano hii Kacyiru, Kiyovu na Kimihurura hawahitaji sheria mpya wala mfadhili ili kuanza. Waandike masharti ya ushauri kabla ya ushauri wenyewe kutolewa: ni hisa, ni ada, au ni bure kabisa na hakuna kitakachodaiwa kesho. Watenge katika kila mkutano nafasi kadhaa za kunadi wazo kwa wale ambao hakuna mwanachama aliyewaleta, wawaruhusu kunadi kwa lugha wanayoimudu, na mwisho wa kila miezi mitatu wasome mbele ya wote orodha ya waliotambulishwa kwa wawekezaji. Na wewe uliyealikwa wiki ijayo, mtu akikuambia usijali, sisi ni familia, muulize kwa adabu masharti ni yapi, na uombe yaandikwe.