Ajiri Aliyefukuzwa na Posho Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu Waislamu, jueni ya kwamba mwenye kuajiriwa ameingia katika agano, na mwanzo wa Suratul Maida umeamrisha maagano yatimizwe. Basi kanuni za kazi alizozikubali mtu, maadamu hazina maasia ndani yake, zamlazimu, hata akiwa mwajiri si Muislamu.

Katika Marekani, wanakotafuta riziki baadhi ya wana wa pwani hii, sharia ya mwaka 1935 ilisimamisha posho kwa aliyepotewa na kazi. Mwenye kufukuzwa kwa uovu huikosa, kwa muda au kabisa, kama ilivyo kanuni ya jimbo lake. Lakini uovu ni nini? Mwaka 1941 mahakama kuu ya Wisconsin ilihukumu daawa ya dereva wa teksi aliyefukuzwa kwa sababu ya ajali. Ikasema uovu ni kuivunja haki ya mwajiri kwa kusudi, au uzembe uliokithiri hata ukafanana na kusudi. Ama udhaifu wa kazi, au kughafilika mara moja, au kukosea rai kwa nia njema, hayo si uovu. Dereva akapewa haki yake, na majimbo mengi yakaifuata kauli hiyo.

Fasiri hii si ngeni kwa aliyesoma fiqhi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi mkono wa ajiri ni mkono wa amana: kitu kikiharibika pasi na yeye kupita mpaka, halipi; akipita mpaka, hulipa.

Basi mtu aliyeonywa kwa maandishi, akarudia kulewa kazini au kuandikisha saa asizozifanya, kisha akamwambia afisa wa posho, "Nalipitiwa," fedha apatayo kwa ulimi huo ni haramu, hata asipopatikana wa kumkadhibisha. Na mwajiri naye (huenda akawa Muislamu mwenye duka!) kodi yake huweza kuongezeka watu wake wakilipwa posho, kwa hiyo hushawishika kuligeuza kosa la kupitiwa likawa la kusudi. Kumtoa mtu kazini labda ni haki yake. Kuwanyima watoto wa mtu chakula kwa ushahidi wa uwongo si haki ya yeyote.

Aliyenyimwa hali hakukusudia asinyamaze akidhani kunyamaza ndiyo subira. Hukumu ya afisa hukatiwa rufaa, na siku zake ni chache, zimeandikwa katika barua yenyewe. Aende na karatasi zake na mashahidi wake, aseme lililokuwa, hata lile lililo juu yake.

Wallahu aalam.