Chapati Kumi na Swali la Utu Uzima

Waswahili husema utu uzima dawa. Nilidhani ninaielewa methali hiyo mpaka Jumapili moja nilipowaalika wenzangu sita kwangu Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua. Ni chumba changu cha kwanza cha kupanga. Ilikuwa saa tano kasoro, muda wa chai umepita na wa chakula cha mchana haujafika. Niliandaa chai ya maziwa, maharage, maembe na chapati kumi. Sahani nne niliazima kwa jirani.

Niliweka sharti moja: siasa isiguswe. Sharti hilo nimelirithi. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Kongo, wakati huo Zaire. Waliporudi, waliwafundisha watoto wao kuchunga ulimi.

Sharti halikumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Mwenzetu mmoja alisema hapigi kura. Desemba 2017 Bunge liliondoa ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais. Sasa kura yake itabadilisha nini? Mwenzetu wa Koboko akacheka. Yeye alipokea sukari na shilingi 5,000 za mgombea, kisha akamchagua mwingine. "Huo ndio ukubwa, ndugu yangu," akasema.

Wa tatu akaweka kikombe chini. Alikuwa na miaka 14 wakati wa uchaguzi mdogo wa Arua, Agosti 2018. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, alipigwa risasi akafa, na Kassiano Wadri akashinda ubunge akiwa kizuizini. "Mama alitufungia ndani siku mbili," akasema. "Nyinyi mnacheka."

Kimya kikatanda. Nilitaka kusema, "Si niliwakataza?" Badala yake nikatazama sahani. Zilibaki chapati tatu, nasi tulikuwa saba. Ningeweza kuzifunika, lakini hata huko kungekuwa kuamua nani asile. Nikampa wa Koboko moja nzima, kwa kuwa alitoka kwao alfajiri bila kutia kitu tumboni. Mbili nikazikata vipande sita. Mmoja akanung'unika, nami nikaeleza sababu yangu mbele ya wote.

Hapo nikaona kosa langu. Kugawa kisichotosha, mbele ya wale wanaoguswa na mgawo, ndiyo siasa yenyewe. Sikuwa nimeizuia mlangoni. Nilikuwa nimezuia maswali tu.

Hoja yangu ni hii: mtu mzima ni yule anayekubali kuulizwa juu ya alichoamua. Katiba ya mwaka 1995 inatupa kura tukifika miaka 18, lakini haiwezi kutupa moyo huo. Asiyepiga kura ameamua pia, ila anawaachia wengine mzigo. Aliyepokea shilingi 5,000 anasema kura yake ni siri; lakini mgombea ajaye atakuja akijua bei yetu. Nami, mwenye nyumba, nilijificha nyuma ya adabu.

Huenda msomaji akauliza: je, wazee wetu walionyamaza hawakuwa watu wazima? Walikuwa. Kimya chao kililinda watoto, na waliweza kueleza kwa nini. Changu kililinda Jumapili yangu tu. Vimya viwili vinaweza kufanana kwa sauti visifanane kwa thamani.

Basi nikaondoa sharti, nikamwomba yule wa tatu atusimulie zile siku mbili tangu mwanzo. Alisimulia mpaka chai ikapoa. Hatukukubaliana kuhusu kura, na wa Koboko hakusema kama atakataa sukari safari ijayo. Lakini hakucheka tena, na hakuna aliyeondoka kabla msimulizi hajamaliza. Jioni nilirudisha sahani nne za watu.